Trei ya mayai ni gazeti la juzi

Je, msomaji, umewahi kuitazama vyema trei unayobebea mayai kutoka dukani? Hebu ikague leo kabla ya kuhesabu mayai 30 yaliyomo. Huenda ukaona kipande cha herufi, au doa la rangi ambalo zamani lilikuwa ubavu wa katoni ya sabuni. Hiyo ni karatasi iliyokwisha tupwa na mtu, ikarudi sokoni kwa kazi nyingine.

Kazi ya kuitengeneza si ya ajabu. Magazeti na makatoni makuukuu hulowekwa majini, yakasagwa hadi yakawa kama uji mzito, kisha uji huo ukafyonzwa kwenye kalibu yenye matundu madogo. Maji hupita, nyuzi za karatasi zikabaki na umbo la trei. Baadaye hukaushwa kwa jua ama kwa tanuri.

Kwa nini isitumiwe karatasi mpya? Kila karatasi inaposagwa, nyuzi zake hukatika na kuwa fupi. Baada ya mara tano hadi saba hivi haifai tena kuwa karatasi ya kuandikia. Lakini trei haihitaji nyuzi ndefu. Inahitaji tu kupitisha hewa na kuyakinga mayai lori linaporuka kwenye mashimo ya barabara zetu. Kuukata mti kwa kazi kama hiyo ni hasara tupu.

Faida haiko kwenye karatasi pekee. Vipande vya chupa za glasi vikichanganywa na mchanga tanurini huyeyuka kwa joto la chini kuliko mchanga mtupu, na kiwanda kikaokoa mafuta. Nayo makopo ya alumini hushinda yote: kuyayeyusha upya huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nguvu zinazotumiwa kutengeneza alumini kutokana na madini yaliyochimbwa.

Nchini Kenya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na adhabu yake si mchezo: faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Wengi walishangilia walipoona mifuko ya kaki madukani. Mimi nasema tungoje kidogo. Mfuko uliotokana na mti mpya, ukabeba mkate kwa dakika kumi kisha ukatupwa, si ushindi wa kupigiwa vigelegele. Swali la kumwuliza mwenye duka ni mfuko huo umetengenezwa kwa nini.

Hata hivyo, kiwanda hakiwezi kutumia karatasi isiyokifikia, na hapo ndipo jikoni kwako panapohusika. Katoni iliyotupwa pipa moja na maganda ya viazi na masalio ya sukuma wiki hulowa, ikanuka, na mnunuzi wa karatasi kuukuu huikataa. Anayeumia kwanza ni yule kijana au mama anayeokota na kulipwa kwa kilo. Katoni kavu ni chakula chake cha jioni; iliyolowa ni mzigo tu, na mwisho wake ni Dandora, jaa lililofunguliwa mwaka wa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, nalo likaendelea kumwagiwa taka. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mapipa mawili yanatosha kuanza. Hata ndoo iliyopasuka itafaa kwa karatasi.

Tahadhari moja. Si kila karatasi kuukuu ifungiwe chakula. Wino wa magazeti huingia kwa urahisi katika mafuta ya mandazi na chipsi, kwa hivyo mkatalie mwuzaji anayekufungia hivyo, hata kama gazeti lenyewe ni hili unalosoma. Nayo trei iliyobeba mayai huweza kuwa na viini vya maradhi kutokana na kinyesi cha kuku. Usiwape watoto waichezee wala usiipange mezani. Ikiwa kavu, iwashie jiko la makaa, au iweke kwenye ndoo ile ya karatasi ikarudi kiwandani.