Hoteli ya Kifahari kwa Bei Ndogo



Kijana mmoja wa hapa Sengerema, naye yu karibu kuoa, ametuuliza suala ambalo tumeona si lake peke yake, kwa hiyo twalijibu katika ukurasa huu ili wafaidike na wengine. Asema ameona katika simu yake, kwa mmoja wa madalali wa hoteli walio katika intaneti, hoteli nzuri ya Mwanza iliyo ukingoni mwa ziwa. Bei yake ya usiku mmoja imeandikwa shilingi 480,000, kisha ikapigwa mstari, na chini yake ikaandikwa 210,000. Ataka kumpeleka mkewe huko siku tatu za fungate. Auliza mawili: je, punguzo hilo ni la kweli? Na je, yafaa Mwislamu kulala mahali pa kifahari namna hiyo?

Suala hili si la ajabu. Tangu lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli mwezi wa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 baina ya Kigongo na Busisi, mtu wa Sengerema hangoji tena kivuko pale, na Mwanza imekuwa kama jirani wa mlango wa pili. Wazee wetu walikwenda huko kwa hospitali, na kwa mahakama, na kwa biashara ya samaki. Vijana wetu sasa waenda pia kupumzika, na sisi hatuoni ubaya katika hilo.

Ama la ufahari, jawabu lake ni fupi. Mwenyezi Mungu hakuwaharamishia waja wake mapambo na riziki njema, na dalili yake imo katika Suratul Aaraf, aya ya 32. Lakini katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu wale ambao wakitoa hawafanyi israfu wala ubakhili. Basi mizani ni hali ya mtu mwenyewe. Aliyelipa mahari, akaweka posho ya nyumba, na wala hadaiwi dukani, huyo siku tatu za kumfurahisha mkewe ni wema. Na aliyekopa kwa riba ili apige picha penye kidimbwi cha kuogelea, huyo hata chumba cha shilingi elfu thelathini kwake ni israfu.

Tuje kwenye bei, maana hapa ndipo penye maneno mengi.

Kwa nini mwenye hoteli akubali kupunguza? Kwa sababu chumba ni kama samaki wa Mwaloni pale Kirumba. Samaki mbichi anayeuzwa kwa bei kubwa alfajiri, ikifika jioni na barafu inayeyuka, muuzaji huona nusu ya bei ni kheri kuliko kumtupa. Na chumba kina haraka zaidi, kwani samaki asiyeuzwa aweza kukaangwa au kukaushwa, lakini usiku wa Jumanne uliopita bila ya mgeni haukaushwi wala haurudi. Umeme, walinzi na wapishi wamekwisha kulipwa, ndipo mwenye hoteli aridhike na kidogo kuliko kukosa kabisa. Kule Unguja, miezi ya Aprili na Mei, masika yanapomwagika, hoteli za ufukweni hushusha bei na nyingine hufunga milango. Ikifika Julai na Agosti, au mwisho wa Disemba, bei hupanda tena. Hoteli za mjini zinazotegemea watu wa semina na wa kazi za serikali aghalabu huwa na nafasi mwisho wa juma, na zile za kustarehe huwa na nafasi katikati ya juma. Kwa hiyo atakaye hoteli kubwa kwa bei ndogo na achague siku kwanza, kabla hajashughulika na kuchagua dalali.

Tumewaita madalali, na ndivyo walivyo. Booking.com ilianza Uholanzi mwaka 1996, na Expedia ilianza Marekani mwaka huo huo. Kazi yao kubwa si kumiliki hoteli, ni kumkutanisha mwenye chumba na mwenye kutaka chumba, nao huchukua ujira wao kwa mwenye hoteli, kiasi cha asilimia 15 na pengine zaidi. Katika chumba cha 210,000, ujira huo ni shilingi 31,500 kwa usiku. Udalali ni halali. Imam Bukhari ameweka mlango mzima wa ujira wa dalali katika kitabu chake, akawataja Ibn Sirin, na Ataa, na Ibrahim, na Hasan, kwamba hawakuona ubaya. Lakini dalali aweza kuwa mkweli na aweza kuwa mwongo, na mstari ule uliopigwa juu ya bei ndio mahali pa kumjaribu.

Huko Australia serikali ilimshitaki trivago, naye ni mlinganishaji mashuhuri wa bei za hoteli. Mahakama ya Shirikisho ikaona, Januari 2020, kwamba bei ile ya juu iliyopigwa mstari mara nyingi ilikuwa ya chumba cha kifahari, na bei ya chini ilikuwa ya chumba cha kawaida katika hoteli hiyo hiyo. Yaani punguzo halikuwapo. Palikuwa na vyumba viwili tofauti. Tena ikaonekana kwamba hoteli iliyowekwa mbele kana kwamba ndiyo nafuu mara nyingi siyo iliyokuwa na bei ya chini, bali mpangilio ulifuata mno malipo ambayo watangazaji humpa trivago. Mwaka 2022 akatozwa faini ya dola za Australia milioni 44.7.

Tulipokaa na kijana wetu tukasoma pamoja yale maandishi madogo, tukakuta mfano wa hayo hayo. Ile 480,000 ilikuwa ya chumba kipana chenye baraza juu ya ziwa. Ile 210,000 ilikuwa ya chumba cha nyuma, dirisha lake latazama uwanja wa magari, na staftahi haimo. Picha iliyowekwa juu ya bei zote mbili ilikuwa ni ya baraza.

Jambo jingine ni haraka. Mtu hufungua tovuti akaambiwa: watu watano wanatazama hoteli hii sasa, kimebaki chumba kimoja. Moyo humwenda mbio akalipa bila ya kufikiri. Mtume (S.A.W.) amekataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei ya kitu asichokitaka ili amghuri mnunuzi, Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hatusemi kila tangazo la haraka ni najshi, kwani huenda chumba kimebaki kimoja kweli. Lakini Februari 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilitangaza kuwa makampuni sita, wakiwamo Booking.com, Expedia na Agoda, yamekubali kubadili mwenendo wao katika mambo haya, maana watu waliosemwa kuwa wanatazama hoteli huenda walikuwa wakitafuta siku nyingine kabisa. Basi ukiambiwa watu watano wako mlangoni, funga simu, kaswali, kisha urudi utazame upya.

Sasa tuseme lile ambalo khasa tumekusudia kuwaambia wasomaji wetu wa Tanzania. Hoteli nyingi za nchi yetu zina bei mbili, moja ya wageni wa nje na moja ya wananchi na wakazi, na hii ya pili ndiyo ndogo. Tovuti za ng'ambo aghalabu huonyesha ile ya kwanza. Kwa hiyo mwananchi aweza kufurahia punguzo la dalali, na kumbe bei yake mwenyewe ilikuwa chini zaidi lau angaliuliza mapokezi. Tulimshauri kijana apige simu hotelini. Akajibiwa kwa adabu kwamba chumba kile kile cha nyuma, kwa mwananchi, ni 180,000 kwa watu wawili pamoja na staftahi. Mwenye hoteli hapati hasara hapo, kwani ameepukana na ujira wa dalali. Zamani madalali wakubwa waliwafunga wenye hoteli kwa sharti kwamba wasitangaze mahali pengine bei ya chini kuliko ya dalali. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa kulihesabu sharti hilo kuwa ni kitu kisichoepukika katika kazi ya udalali. Wala hapakuwa na sharti la kumzuia mteja asiulize kwa simu.

Atumie dalali, basi, kama dira: ajue hoteli zilizopo, asome waliolala wamesema nini, aone bei, kisha aulize mwenyewe. Aulize pia kama kodi ya VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida huku Bara ni asilimia 18, imo ndani ya bei au itaongezwa. Na akitajiwa dola, akumbushe kwa upole kwamba kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Bei ya mwananchi nayo ni ya mwananchi. Jamaa yetu aliyekuja likizo kutoka Maskati na pasipoti ya Oman asiandikishwe kwa kitambulisho cha binamu yake. Hiyo ni ghushi, hata kama hoteli ni tajiri.

Na kwa kuwa tumetaja simu, namba ya hoteli itafutwe katika tovuti ya hoteli yenyewe au kwa mtu anayeifahamu, siyo katika tangazo lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Matapeli huiba picha za hoteli nzuri, wakaita watu kwa bei ya ajabu, wakataka malipo yote kwa namba ya mtu binafsi. Kabla ya namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Likiwa ni jina la mtu na siyo la hoteli, acha. Ujumbe wa utapeli hupelekwa TCRA kwa namba 15040.

Yako mapunguzo ya namna nyingine ambayo bado hayajaenea kwetu, lakini ndugu zetu walioko Marekani wayajua. Priceline tangu 1998, na Hotwire tangu 2000, wameuza vyumba kwa kuficha jina la hoteli: mtu huambiwa mtaa, na idadi ya nyota, na bei ndogo sana, akisha kulipa ndipo hutajiwa jina, na aghalabu hakuna kurudishiwa fedha. Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari, na ijara nayo yataka manfaa yajulikane. Akisema mtu kwamba sifa zimetajwa, na kukodi kitu kilichosifiwa katika dhima kwajuzu, twasema kauli hiyo ina wajihi. Lakini nyota huhesabiwa na muuzaji mwenyewe, na jina limefichwa makusudi, na mnunuzi akichukizwa na alichokipata hana pa kurudi. Sisi twaona kuliacha jambo hilo ni salama zaidi.

Kufuta safari nako kwahitaji kufahamiwa. Tovuti huweka bei mbili za chumba kimoja: moja ndogo isiyorudishwa, na moja kubwa kidogo yenye hiari ya kufuta mpaka siku fulani. Hii ya pili ni safi, tena kwa msafiri mwenye watoto wadogo ndiyo nafuu, kwa sababu homa ya mtoto haitoi taarifa. Ama arubuni, yaani malipo ya mbele yanayopotea mteja akighairi, wanazuoni wamekhitalifiana. Madhehebu yetu ya Shafi haiikubali, Imam Ahmad ameijuzisha, na Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, imeruhusu kwa sharti kwamba muda wa kungojea uwekewe mpaka, na ikaitia ijara katika hukumu hiyo. Mwenye kufuata kauli hiyo hatumlaumu, maadamu amesoma sharti kabla ya kulipa wala hakuja baadaye kugombana na karani wa mapokezi, ambaye hakuiweka bei wala sharti.

La mwisho ni ile bei ya jumla ambayo ndani yake mna chumba, chakula na vinywaji vyote, kama inavyouzwa sana katika hoteli za ufukweni za Unguja na Mombasa. Kwa macho ni rahisi kweli. Lakini katika vinywaji hivyo imo pombe, na sehemu ya fedha yako imehesabiwa kwa ajili yake, uinywe au usiinywe. Omba bei ya chumba na staftahi tu, au chumba na milo miwili. Na ukifika, mwambie karani tangu mwanzo akutolee chupa za ulevi zilizo katika friji ya chumbani. Wamezoea kuambiwa hivyo, na hawalichukulii kuwa ni tusi.

Wallahu aalam.