Pini Iliyokwama: Anza Wewe Kabla Hujamwita Fundi

Nanenane imepita. Waliokwenda Morogoro wamerudi na vipeperushi na mipango mikubwa, na sasa simu yangu inaita kila asubuhi kwa swali lilelile: "Afisa, unamjua fundi wa kutoa pini iliyokwama?" Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo. Vuli inakaribia, mtu anakwenda nyuma ya nyumba kulitazama trekta au trela aliloliacha tangu masika ya mwaka juzi, anataka kufunga jembe jingine, na pini haitikisiki.

Mafundi nawajua. Lakini jibu langu mwaka huu huenda likawaudhi baadhi yenu. Usimwite fundi kwanza. Pini iliyokwama ni kazi ya mwenye mashine kwa wiki moja au mbili, ndipo iwe kazi ya fundi kwa saa chache. Tukimwachia fundi yote kwa siku moja, anabaki na zana mbili tu: nyundo na moto. Hizo mbili ndizo zinazovunja mashine zetu na kuumiza vijana wetu.

Nilichokiona upande wa Kongowe

Mzee mmoja huko ana trekta lenye kijiko cha kuchimbia nyuma. Alikuwa akilikodisha kwa watu wanaochimba mabwawa ya samaki na mitaro. Likaharibika gia, likakaa masika mawili chini ya mwembe. Alipolitengeneza gia akapata mteja wa kuanza Jumatatu. Jumamosi akamwita fundi atoe pini ya kijiko ili abadilishe bushi. Makubaliano yalikuwa ya kawaida yetu: ukimaliza nakulipa, usipomaliza hupati kitu.

Gesi iliwashwa ndani ya saa ya kwanza. Wakachoma, wakagonga kwa nyundo kubwa, wakachoma tena. Kabla ya adhuhuri kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye kichwa cha pini kikamwingia kijana msaidizi mkononi. Kingepita shibiri moja juu zaidi, leo angekuwa na jicho moja. Alasiri sikio la chuma linaloshika pini likapasuka.

Nilifika jioni. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone msiba."

Nikainama na tochi ya simu. Chini ya sikio, ndani ya tope lililokauka na rangi ya zamani, kulikuwa na kichwa cha bolti ndogo. Bolti hiyo inapita katikati ya pini ili isizunguke wala kutoka. Hakuna aliyeifungua. Siku nzima walikuwa wanaipiga pini ambayo kiwanda kiliifunga makusudi isitoke.

Mteja wa Jumatatu alikwenda kwa mwingine. Kuchomelea sikio na kulichonga upya kulimgharimu mzee kuliko pini na bushi mpya zote pamoja.

Simlaumu fundi yule peke yake. Fundi anayelipwa kwa kumaliza leo hatafuti bolti iliyojificha, anatafuta kumaliza. Sisi wenye mashine ndio tunaomsukuma. Tunaiacha pini miaka miwili bila grisi, halafu tunataka itoke kwa saa mbili.

Kwa nini inakwama

Pini inakaa ndani ya bushi ikiwa na nafasi ndogo sana pembeni, na nafasi hiyo ni ya grisi. Grisi ikikauka, maji yanachukua nafasi yake. Chuma kikiliwa na maji kinazaa kutu, na kutu inataka nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyochukuliwa na chuma chenyewe. Haina pa kwenda, kwa hiyo inaikaba pini pande zote. Sisi wa Kigamboni, Kunduchi, Mbweni na ukanda wote wa pwani tuna shida ya ziada: hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu.

Tangu Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, matrekta na pawatila nyingi zimefika kwa wakulima wadogo na vikundi. Tulifundishwa kuendesha. Kupiga grisi wengi tulikuchukulia kama kazi ya utingo. Leo baadhi ya mashine hizo zimelala nyuma ya nyumba, injini zake nzima, viungo vyake vimeganda.

Kazi ya mwenye mashine

Kwanza, ondoa mzigo. Pini inayobeba uzito haitoki hata kama haina kutu hata chembe. Shusha kijiko au jembe chini, zima injini, kisha pandisha au shusha kidogo kwa jeki mpaka uone matundu yamelingana. Weka magogo imara chini ya mkono wa mashine. Usitegemee jeki peke yake wala mfumo wa haidroliki, kwa sababu pini ikitoka mkono unaweza kuanguka. Pini nyingi zinazosemwa zimekwama zimebanwa tu na mzigo.

Pili, tafuta kilichoifunga. Kwangua tope na rangi kwa brashi ya waya, pande zote mbili. Tafuta bolti, kipini cha kupinda, au pete ya kuzuia. Angalia pia pini ina kichwa upande gani, ili usije ukaisukumia upande usiotokea.

Tatu, ilishe mafuta. Kama una dawa ya dukani ya kulegeza kutu, itumie. Kama huna, changanya dizeli na mafuta ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu. Weka asubuhi na jioni, siku saba kwa uchache. Fungua kichuchu cha kupigia grisi, zibua tundu lake kwa waya, umimine mafuta humo, maana tundu hilo linafika katikati ya pini mahali ambapo mafuta ya pembeni hayafiki. Tega sinia chini. Mafuta hayo yasitiririke kwenye tuta la mchicha wala karibu na kisima.

Nne, gonga polepole. Kila ukiweka mafuta, gonga sikio kuzunguka pini kwa nyundo ndogo, mara ishirini au thelathini. Lengo ni mtetemo unaofungulia mafuta njia, kwa hiyo huhitaji nguvu. Pini yenyewe usiipige kichwani, kikipanuka kama uyoga umejifungia mlango.

Tano, jaribu kuizungusha kabla ya kuisukuma. Shika kichwa kwa spana ya bomba yenye mpini mrefu, peleka mbele na nyuma. Ikisogea hata upana wa punje ya mchele, umeshinda. Ongeza mafuta, rudia kesho.

Kazi ya fundi

Sasa mwite fundi, na umwambie umefanya nini. Kama pini ina tundu la nyuzi kichwani, fundi mzuri atafunga bolti ndefu humo, aipitishe katikati ya kipande cha bomba nene na sahani ya chuma, kisha akaze nati. Pini itavutwa kwa nguvu ya taratibu isiyopasua kitu. Kama haina tundu, anaweza kuchomelea nati juu yake. Akikaza huku mwingine anagonga sikio taratibu, pini nyingi zilizolishwa mafuta wiki nzima hutoka kwa njia hiyo.

Ikibidi kugonga, kati ya nyundo na pini kiwekwe kipande cha shaba au chuma laini. Miwani ya kazi ivaliwe na kila aliye karibu, pamoja na mtoto anayeshika tochi. Afadhali zaidi mtoto asiwepo.

Moto una nafasi yake, sikatai. Lakini linachomwa sikio, siyo pini. Tundu la milimita 50 likipata joto la nyuzi 200 zaidi ya kawaida, linapanuka takriban milimita 0.12. Unene huo ni kama wa karatasi, lakini kwa pini unatosha. Ukiichoma pini ndiyo inayovimba, unazidi kujikaba.

Kabla ya kuwasha, futa mafuta yote uliyoweka, ondoa kichuchu cha grisi ili mvuke upate pa kutokea, sogeza mipira ya haidroliki, weka mchanga na kizimamoto karibu. Usiruhusu kabisa moto kwenye silinda ya haidroliki yenye mafuta ndani, wala kwenye ringi yenye tairi lililojaa upepo. Vyote viwili hulipuka na kuua. Fundi akikuambia amefanya hivyo mara nyingi, mwambie ahsante, siyo kwenye mashine yako.

Yote yakishindikana, ikatwe au itobolewe pini. Pini ni kitu cha kununua au kuchongesha, lakini sikio ni mwili wa mashine. Kama lazima kimoja kife, ife pini.

Hoja za wanaonipinga

Wapo wanaoniambia: "Afisa, wewe una mshahara, sisi tunasubiri mvua. Wiki mbili tutazitoa wapi?" Ni kweli mvua haisubiri. Lakini wiki hizo hazikuzuii shughuli zako. Ni dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kabla ya kwenda bustanini au kufungua duka. Vuli kwetu inatarajiwa kuanzia Oktoba. Ukianza sasa unayo nafasi. Ukianza siku wingu limetanda, huna.

Na mafundi wananiambia: "Mteja hakubali kulipa siku ya kuweka mafuta." Hapo nawaunga mkono. Kwa hiyo nashauri tubadili makubaliano. Mlipe fundi ada ndogo ya kuja kukagua na kukuonyesha pini imefungwaje. Wewe uilishe mafuta. Akirudi, mlipe kwa siku na siyo kwa pini. Mtu asiye na njaa ya kumaliza leo hana haraka ya kuwasha gesi.

Kwa wafanyabiashara

Wale mnaonunua majembe, trela na mashine za mitumba kwenye minada ili mkauze vijijini, msidanganywe na rangi mpya. Rangi iliyopakwa juu ya pini na kichuchu cha grisi inakuambia kiungo hicho hakijafunguliwa wala kupigwa grisi karibuni. Omba mkono unyanyuliwe na kushushwa. Tazama kama pini inakaa mahali pake au inazunguka na kiungo bila mpangilio, na kama sikio lina alama za kuchomelewa. Kila kiungo kilichoganda, kipunguze kwenye bei.

Na wewe muuzaji, usikimbilie kuikata mashine kwa gesi uiuze kwa kilo ya chuma chakavu kwa sababu viungo vimeganda. Jembe la trekta linalofanya kazi lina thamani kubwa kuliko uzito wake. Wiki mbili za mafuta zinaweza kuwa faida kubwa kuliko safari nzima ya mnada.

Ikishatoka

Usirudishe nondo. Naliona jambo hili kila mahali, kuanzia Chamazi mpaka Bunju: pini imetoka, mtu anakata kipande cha nondo anakichomeka. Nondo ni ya zege. Itapinda au italegea ile tundu, na msimu ujao utabadilisha bushi pia. Peleka pini ya zamani kwa mkereza vyuma iwe kipimo, mwambie ni ya kubeba mzigo gani, akuchagulie chuma kinachofaa. Ukiwa Temeke, pale VETA Chang'ombe ufundi wa aina hii unafundishwa. Mpeleke kijana wako mmoja akasome, atakulipa zaidi ya shamba.

Safisha bushi kwa msasa, paka grisi kabla ya kuingiza, kisha piga grisi mpaka uone ya zamani inasukumwa nje. Mashine ikiwa kazini, grisi kila siku. Ikilala, grisi siku ya kuilaza, na kila mwezi itikise viungo vyake vyote mara moja.

Yule mzee wa Kongowe ameninginiza bomba lake la grisi kwenye tawi la mwembe, juu ya trekta. Nilipompitia wiki iliyopita alikuwa anawaonyesha wajukuu ile bolti ndogo. Nenda leo nyuma ya nyumba ukaitafute ya kwako.