Undugu Unaopotosha: Mzungumzaji wa Kiingereza Pekee Mbele ya Kijerumani

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wazungumzaji wa Kiingereza kwamba Kijerumani ni lugha ngumu, kavu na isiyofuata mantiki. Dhana hii ni ya kustaajabisha kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu. Waangli na Wasaksoni waliovuka Bahari ya Kaskazini kuanzia karne ya 5 na kuingia Uingereza walitoka katika nchi ambazo leo ni sehemu za Ujerumani na Denmark, na lugha waliyokwenda nayo ndiyo iliyozaa Kiingereza. Ingetarajiwa basi kwamba Mwingereza au Mmarekani asiyejua lugha nyingine yoyote angeingia katika darasa la Kijerumani kama mtu anayeingia nyumbani kwa ami yake. Lakini mambo hayawi hivyo. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambacho kwa miongo mingi kimewafunza wanadiplomasia lugha za kigeni, hukadiria kwamba mwanafunzi mwenye Kiingereza huhitaji takriban wiki 36 ili akimudu Kijerumani kikazi, ilhali Kifaransa na Kihispania humtaka wiki baina ya 24 na 30. Miongoni mwa lugha chache zilizowekwa katika kundi hilo la wiki 36 ni Kiswahili. Kwa hesabu ya Wamarekani wenyewe, basi, lugha ya ami na lugha iliyozaliwa katika pwani ya Afrika Mashariki ziko umbali mmoja.

Ugumu huu unatoka wapi? Aghalabu lawama hutupiwa Kijerumani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo mwanafunzi huja nao mwenyewe mgongoni: amekulia ndani ya lugha moja tu, na hajawahi kutoka nje yake akaitazama jinsi ilivyojengwa.

Siku za mwanzo huwa tamu. Maneno kama Haus, Wasser, Hand, Finger, Winter na Butter hayamhitaji mwalimu. Hata yale yaliyobadilika sauti, mathalani Apfel, Pfeffer na Schiff, humfunulia mwanafunzi mwerevu kanuni: mahali Kiingereza kilipobaki na p, Kijerumani kimekuwa na pf au ff. Vitabu vya wanaoanza huvimba kwa mifano ya aina hii, na mwanafunzi hujiona amefika kabla hajaondoka. Kisha hukutana na Gift, ambalo si zawadi bali ni sumu. Hukutana na wer, linalomsikikia kama neno lake la kuulizia mahali, kumbe linauliza nani. Na wo, linalomkumbusha neno lake la kuulizia mtu, kumbe linauliza wapi. Hayo bado ni madogo. Mwanafunzi hucheka, akaendelea.

Kicheko humkauka mezani. Kijiko ni der Löffel, jinsia ya kiume. Uma ni die Gabel, jinsia ya kike. Kisu ni das Messer, wala si kiume wala si kike. Swali la mzungumzaji wa Kiingereza huwa moja, na huulizwa kwa hasira: kijiko kina uanaume gani? Mwandishi wa Kimarekani Mark Twain, aliyejifunza Kijerumani mjini Heidelberg mwaka 1878, aliligeuza swali hili kuwa dhihaka katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1880, akistaajabia lugha inayomnyima msichana jinsia na kuipa mboga. Insha hiyo ingali inasomwa, na inachekesha kweli. Kosa ni la wale wanaoisoma kama utafiti. Twain mwenyewe alikuwa amekaa chini akajifunza, na mwaka 1897 alisimama mbele ya wanahabari mjini Vienna akahutubia kwa Kijerumani, mada yake ikiwa vitisho vya lugha hiyohiyo. Wanaomnukuu wengi wao hawajafika hata kwenye somo la pili.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa habari ya kijiko hatakuwa na la kushangaa. Kijiko na kisu viko katika ngeli ya KI-VI, uma uko katika U-ZI, na hakuna anayekesha akitafuta falsafa iliyozitenganisha zana tatu za sahani moja. Jinsia ya kisarufi ni utaratibu wa upatanisho: nomino hupangwa katika makundi, na kila kundi hudai maneno mengine yalifuate. Ama kwa hakika, neno lenyewe "jinsia" ndilo linaloleta fitina, kwa sababu humfanya mtu kufikiri habari za mume na mke. Laiti wanasarufi wa kale wa Kigiriki na Kilatini wangeyaita makundi hayo kwa nambari, kama wafanyavyo wanaisimu wa lugha za Kibantu, pengine nusu ya dhihaka za Twain zisingezaliwa.

Na tuchukue huyo msichana asiye na jinsia. Mädchen limo katika kundi la tatu kwa sababu moja isiyo na siri: limeishia kwa -chen, kiambishi cha udogo, na kila nomino inayovishwa kiambishi hicho huhamia huko, iwe imetoka wapi. Katika Kiswahili, "mtoto yule analia" akidogoshwa huwa "kitoto kile kinalia". Akikuzwa huwa "toto lile linalia". Mtoto ni yuleyule na kilio ni kilekile, ila kiambishi kimempa makao mapya ya kisarufi. Hakuna Mswahili anayedai kwamba mtoto huyo amevuliwa ubinadamu na kufanywa kijiko. Ulinganifu huu unakwenda mbali zaidi ya hapo. Kiswahili husema "kipofu amekuja" wala si "kipofu kimekuja", maana hapo uhai umelishinda umbo. Wajerumani nao, wakishamtaja Mädchen na kuendelea na habari zake, mara nyingi humrejelea kwa kiwakilishi cha kike, sie, badala ya es inayodaiwa na umbo. Vuta nikuvute hii baina ya umbo na maana imo katika lugha zote mbili, na mtu aliyelelewa katika mojawapo huitambua katika nyingine kabla hajaelezwa.

Mzungumzaji wa Kiingereza pekee hana pa kuitambulia. La kusikitisha ni kwamba babu zake walikuwa napo. Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsia tatu na uhusika wa nomino kama Kijerumani cha leo. Neno wīf, lenye maana ya mwanamke, lilikuwa katika kundi lilelile la tatu linalomchekesha mjukuu. Mfumo huo ulimomonyoka katika karne za kati. Lugha haikupungukiwa na chochote kwa hilo, bali wazungumzaji wake walianza kuudhania uchache wa viambishi kuwa ndiyo hali ya kawaida ya lugha za binadamu.

Uhusika nao una kisa chake. Der Hund beißt den Mann maana yake mbwa anamuuma mwanamume. Den Mann beißt der Hund ina maana ileile, japo mwanamume ametangulia, kwa kuwa den imekwisha kutangaza kwamba yeye ndiye shamirisho. Katika Kiingereza, ukigeuza mpangilio umegeuza habari, na mbwa ndiye atakayehitaji daktari. Kiswahili kina njia yake: katika "kitabu hicho mtoto amekisoma", viambishi a- na -ki- ndani ya kitenzi vinaonyesha nani kasoma na nini kimesomwa, hata nomino zikihamahama. Kijerumani huweka alama katika kibainishi, Kiswahili katika kitenzi, Kiingereza katika nafasi.

Hapa walimu nao wana sehemu ya lawama. Wapo wanaomkabidhi mwanafunzi katika juma la kwanza jedwali la visanduku 16, yaani uhusika mara nne kwa jinsia tatu pamoja na wingi, wakamwambia akariri. Hawamwambii kwamba katika visanduku hivyo 16 mna maumbo sita tu: der, die, das, den, dem na des. Wapo wengine waliokimbilia ng'ambo ya pili, wakaitupa sarufi yote na kufundisha salamu na kuagiza kahawa. Wa kwanza humtia mwanafunzi hofu. Wa pili humwacha miezi sita baadaye akitamka Heute er kommt, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kitenzi cha Kijerumani katika sentensi ya kawaida hushikilia nafasi ya pili, likitangulia neno lolote lile. Isitoshe, shule nyingi za Uingereza ziliacha kufundisha sarufi ya Kiingereza chenyewe tangu miaka ya 1960. Mwanafunzi asiyejua shamirisho ni nini katika lugha yake atajulia wapi katika ya wenzake? Mwaka 2004 serikali iliondoa ulazima wa lugha za kigeni kwa wanafunzi wa England waliopita umri wa miaka 14. Watahiniwa wa Kijerumani wa umri wa miaka 16, waliokuwa zaidi ya laki moja mwanzoni mwa miaka ya 2000, siku hizi hawafiki elfu arobaini.

Haidaiwi hapa kwamba Kiswahili hugeuza Kijerumani kuwa mteremko. Mswahili akikutana na Herbst, neno lenye irabu moja na msururu wa konsonanti mkiani, ulimi wake utatafuta irabu za kupumzikia, na Mwingereza atampita akiimba. Kinachodaiwa ni tabia ya akili. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amesoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, kisha akajifunza Kiamhari na Kioromo huko Ethiopia. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa Tübingen, nayo aliiandika kwa Kiingereza. Ngeli hazikumfanya apige kelele kwamba Waswahili hawana mantiki.

Suala hili lingeachiwa Waingereza na Wamarekani lau lisingekuwa limebisha hodi Kenya. Katika mitaa ya Nairobi wapo wazazi wanaowalea watoto kwa Kiingereza pekee, Kiswahili kikiwa cha mtihani na lugha ya nyanya ikiwa ya likizo, kwa imani kwamba hivyo wanawafungulia dunia. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira, na Kijerumani ni sharti la kazi nyingi kule, uuguzi ukiwamo. Mtoto wa mitaa hiyo akifika darasani humo atauliza swali lilelile la kijiko, kwa hasira ileile, ingawa amezaliwa katika nchi ambamo mwuza mboga sokoni hutumia ngeli kutwa nzima. Naye mwenzake anayezijua ngeli hufundishwa Kijerumani kwa maelezo yaliyotungiwa Mwingereza, kana kwamba naye hana alichokuja nacho.

Idara za Kiswahili vyuoni zina la kufanya hapa, nalo halihitaji ufadhili wa kigeni. Mwanafunzi wa isimu akishirikiana na mwenzake wa Kijerumani anaweza kuandaa mwongozo mfupi wa sarufi hiyo kwa msomaji mwenye Kiswahili. Sura ya kwanza isiwe ya salamu bali ya udogo: kitoto upande huu, Mädchen upande ule.