Mshono haujui kwamba umesharuhusiwa

Jamani, kuna neno la hospitalini linanikera: "umeruhusiwa". Mgonjwa anapewa vidonge, tarehe ya kliniki na safari njema. Basi. Kutoka MOI pale Muhimbili hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Wa Msimbati aongeze barabara ya mchanga, wa Msangamkuu aongeze kuvuka maji. Sasa niambieni, huo mshono nani anauangalia?

Nawazungumzia waliorudiwa upasuaji wa nyonga bandia. Mara ya pili si sawa na ya kwanza. Daktari anapita kwenye kovu la zamani, operesheni inachukua muda mrefu zaidi, na damu inayovujia ndani inageuka makazi ya bakteria. Wakishang'ang'ania kwenye ile nyonga bandia wanajijengea utando ambao dawa haipenyi kirahisi. Hapo nyonga iliyouziwa shamba la mikorosho inaweza kung'olewa tena.

Wapo wanaosema kosa ni la wagonjwa, eti wachafu na wanapaka dawa za kienyeji. Hoja ya kivivu hiyo! Utafiti wa KCMC, Moshi, uliochapishwa 2003, uliwafuatilia wagonjwa 396 wa upasuaji wa jumla. Walioambukizwa vidonda ni 77, na 28 kati yao waligundulika baada ya kutoka hospitali. Zaidi ya theluthi moja! Kama haya yalionekana Moshi kwa sababu watu walifuatiliwa, kwetu kusikofuatiliwa tunahesabu nini?

Na vile vidonge vya kwenda navyo nyumbani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema antibayotiki ya kinga itolewe kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na isiendelezwe baada ya operesheni kwa ajili ya kinga tu. Unasema pia mgonjwa aoge kabla, na asinyolewe kwa wembe. Kwa hiyo mfuko wa vidonge si badala ya jicho la muuguzi.

Ninachodai si maabara ya mabilioni. Kwanza, barua ya kwenda zahanati: operesheni gani, bandeji ibadilishwe vipi, nyuzi zitolewe lini, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa. Pili, muuguzi wa kijijini atume picha ya mshono kwa daktari aliyepasua. Simu zenye kamera zimejaa hadi Kilambo! Tatu, mshono ukiendelea kutoa majimaji zaidi ya wiki, ukitoa usaha, au homa na maumivu vikizidi, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu haraka. Asianzishiwe antibayotiki za kubahatisha kabla ya sampuli kuchukuliwa, maana zinaweza kuwaficha bakteria maabara isiwaone. Mwenye sukari idhibitiwe, na mvutaji aache sigara angalau wiki nne kabla ya kisu.

Tumejengewa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na nashukuru. Lakini majengo hayafungi vidonda. Anayempasua mtu wa Msimbati ajue mgonjwa wake analala Msimbati, na kazi yake haijaisha.

Naomba kutoa hoja.