Hewa Baridi Si Hewa Safi: Maoni Juu ya Kufundisha Usalama wa Mitambo

Katika shule zetu za msingi usalama hufundishwa kila muhula, na aghalabu hufundishwa vibaya. Mwalimu huandika ubaoni orodha ya makatazo: usiguse, usikaribie, usifungue. Wanafunzi huinakili, huikariri, hupata alama zote katika jaribio, na juma lifuatalo hufanya jambo lile lile lililokatazwa, kwa kuwa safari hii limewajia kwa sura nyingine. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwa nini njia hiyo haitoshi. Mfano tuliouchagua ni ufungaji wa viyoyozi vikubwa, yaani ile mitambo ya kupoza hewa inayowekwa katika maghala, mabenki na hospitali.

Msomaji aweza kucheka: kiyoyozi Njombe? Mji huu uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai mwanachuo aliyetoka Pwani huingia darasani na koti, na ziko asubuhi ambapo majani ya mabondeni huwa meupe kwa sakitu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetafuta ubaridi zaidi katika nchi kama hii.

Hata hivyo mitambo hiyo imefika, na sababu kubwa ni parachichi. Tunda hili likisha kuchumwa huendelea kupumua na kutoa joto lake lenyewe. Lisipopozwa mapema hadi nyuzi chache za sentigredi, haliwezi kustahimili safari ya majuma kadhaa baharini. Kwa hiyo wanafunzi wa Njombe na Makambako, pale ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, wanayaona makontena yenye mitambo ya ubaridi na wanapita karibu na vyumba vya ubaridi. Wala si ajabu kwamba mitambo hii imekuja kwa ajili ya bidhaa kabla ya watu. Mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kuongoza hali ya hewa, aliubuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, mjini New York, ambako karatasi zilikuwa zikivuta unyevu na kutanuka, na rangi hazikukaa mahali pake. Karatasi ndizo zilizotangulia. Watu walifuata baadaye.

Basi mtambo upo katika mazingira ya mtoto, na mwalimu hana budi kuufundisha. Swali ni namna gani.

SOMO TULILOLISIFU

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja upande wa Makambako. Mwanachuo mmoja alifundisha usalama wa mitambo. Alikuwa na andalio safi, mchoro mkubwa wa chumba cha ubaridi, na makatazo sita yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri. Wanafunzi waliyataja yote bila kukosea. Karibu na mwisho, msichana mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, ile mashine inavuta hewa safi kutoka nje?" Mwanachuo akajibu, "Ndiyo," akaendelea na muhtasari. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma hatukuandika neno juu ya jibu lile. Tulimpa alama za juu.

Usiku wa tatu baada ya somo hilo baridi ilizidi. Mwanachuo yule na mwenzake waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, wakaziba chini ya mlango kwa gunia, wakalala. Alfajiri jirani aliyekuja kuwaamsha aligonga sana kabla ya kuitikiwa. Mmoja alikuwa akitapika na kichwa kikimuuma vikali. Mwingine hakuweza kusimama. Walitolewa nje, wakapelekwa hospitali, wakapona. Tulipokwenda kumjulia hali, mwanachuo wetu alituambia kwa mshangao: "Mkufunzi, mkaa ulikuwa umewaka vizuri. Hapakuwa na moshi hata kidogo."

Maneno hayo yametukaa moyoni. Kijana huyu aliufahamu moshi kuwa hatari kwa sababu aliwahi kukatazwa kukaa penye moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo mkaa huitoa hata ukiwa mwekundu kabisa, haina rangi wala harufu. Haikuwa katika orodha aliyofundishwa, wala haikuwa katika orodha aliyowafundisha wengine.

SWALI LA MSICHANA

Tukilitazama upya swali la yule msichana, tunaona kwamba lilikuwa ndilo somo lenyewe. Kiyoyozi cha kawaida hakivuti hewa ya nje. Huichukua hewa iliyomo chumbani, huipitisha juu ya mabomba yenye ubaridi, kisha huirudisha mle mle. Pasipokuwa na njia maalumu ya kuingiza hewa mpya, watu waliofungiwa humo huendelea kuvuta hewa waliyokwisha kuipumua, ingawa wanaona raha. Jiko la mkaa nalo hupasha joto hewa iliyomo, bila kuleta hewa mpya, na juu ya hayo huitia sumu. Mmoja anaona baridi ya kupendeza, mwingine anaona joto la kupendeza, na wote wawili wanadhani kwamba hewa ni njema. Ngozi yetu ni hodari wa kupima joto, lakini haina namna ya kupima usafi wa hewa.

Kama jibu la darasani lingekuwa sahihi, na kama lingefuatwa na swali moja tu, "Je, na chumba chenye jiko?", huenda wanachuo wale wawili wasingeziba mlango. Lawama si ya kijana peke yake. Sisi tuliokuwa na kalamu ya kusahihisha tulinyamaza.

NAMNA TUNAYOPENDEKEZA

Tunapendekeza mwalimu aanze na jinsi kitu kinavyofanya kazi, na makatazo yaje mwisho, yakiwa yametoka vinywani mwa wanafunzi wenyewe. Zana zinazohitajika hazina gharama kubwa.

Kwanza, mwalimu adondoshe spiriti kidogo juu ya mkono wa kila mwanafunzi, mbali na moto. Wataona ubaridi. Waulizwe: joto la ngozi limekwenda wapi? Majimaji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi.

Pili, ailete pampu ya baiskeli, azibe tundu lake kwa kidole na kusukuma mara nyingi. Pampu itapata moto. Hewa inapobanwa hupata joto.

Tatu, aunganishe mambo hayo mawili. Ndani ya kiyoyozi mna gesi maalumu isiyotoka, inayozunguka katika mabomba. Kompresa huibana mpaka ikapata moto sana; mabomba ya nje hulitupa joto hilo na gesi hugeuka kuwa majimaji; kisha hupita katika tundu jembamba, hutanuka, hugeuka tena kuwa mvuke, na huchukua joto la chumbani. Hivyo mtambo hautengenezi ubaridi. Unahamisha joto kutoka ndani kwenda nje, kama mtu atoaye maji ya mvua nyumbani kwa ndoo.

Nne, afunike mshumaa unaowaka kwa chupa pana ya kioo. Mshumaa utazimika. Hapa mwalimu awe mwangalifu: jaribio hili linaonyesha kwamba moto uliofungiwa hula hewa ya mahali pale, halionyeshi sumu. Kaboni monoksaidi huweza kumwua mtu chumbani ilhali mshumaa ungali unawaka. Jambo hili lisemwe waziwazi, kwani jaribio lisiloelezwa vema huzaa kosa jipya.

Baada ya hatua hizo mwalimu aulize: fundi anayekuja kufunga mtambo mkubwa afanye nini ili asidhurike yeye wala wengine, na kwa nini? Tumejaribu mara kadhaa, na wanafunzi wakiongozwa kidogo hufikia mambo haya:

(a) Umeme. Mitambo mikubwa hutumia umeme wa njia tatu, wenye volti 400 hivi. Fundi huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli na kukaa na ufunguo, kwa sababu mtu mwingine aweza kuiwasha bila kujua. Hupima nyaya kabla ya kuzigusa, maana zipo sehemu zinazohifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Mtambo hupewa njia yake ya umeme, kinga yake, na waya wa kwenda ardhini.

(b) Gesi. Mabomba hujaribiwa kwa naitrojeni iliyobanwa ili kuona kama yanavuja. Oksijeni haitumiki kamwe, kwa kuwa ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya mgandamizo hulipuka. Kisha hewa na unyevu huondolewa kwa pampu, ndipo gesi huingizwa. Gesi nyingi za viyoyozi ni nzito kuliko hewa. Zikivuja katika chumba kidogo hutulia chini na kuisukuma nje hewa ya kuvuta. Baadhi ya gesi mpya huwaka: R32 huwaka kwa taabu, R290 huwaka kwa urahisi sana. Wanafunzi wa madarasa ya juu waelezwe kwa nini gesi hubadilishwa: Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulizikataza zile zinazoharibu tabaka la ozoni, na makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yalianza kupunguza zile zilizochukua nafasi yake, kwa kuwa huongeza joto la dunia.

(c) Uzito na kimo. Sehemu ya nje hutundikwa ukutani au juu ya paa. Je, ukuta unaweza kuibeba? Ngazi imeshikwa na nani? Nani amewazuia watu kupita chini?

(d) Mlango. Mlango wa chumba cha ubaridi sharti ufunguke kutoka ndani, na iwepo kengele ya kuita msaada. Wanafunzi hulitaja jambo hili upesi kuliko mengine yote, kwa sababu kila mtoto aliwahi kuogopa kufungiwa.

(e) Hewa mpya. Kama watu watakaa humo, hewa ya nje itaingia wapi?

Mwisho kabisa wanafunzi waandike makatazo yao. Mtakuta ni yale yale sita, pengine na la saba: jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kama halitoi moshi, wala dirisha lililoachwa wazi kidogo lisihesabiwe kuwa kinga ya kutosha.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wenzetu watakaosema kwamba njia hii hula wakati, na kwamba mtihani huuliza "taja", hauulizi "kwa nini". Tunajibu kwamba anayejua sababu aweza kutaja, lakini anayejua kutaja tu hawezi kutoa sababu. Vipindi viwili vilivyotumika hivi havikupotea.

Wako pia watakaosema kwamba mtoto akielewa mtambo atashawishika kuuchokoa. Hoja hii ina uzito. Hatumfundishi mtoto kufunga mtambo. Ufundi huo hujifunzwa katika vyuo vya ufundi kama vile vya VETA, na anayeshughulika na nyaya za umeme sharti awe na leseni ya EWURA. Mwalimu asifungue mtambo wowote mbele ya darasa. Amwalike fundi aje na vipande vilivyokwisha kufa, au awapeleke wanafunzi wasimame nje ya uzio na kusikiliza. Katazo lisiondolewe. Lihamishwe kutoka mwanzo wa somo hadi mwisho wake.

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, vyuo vyetu vimekuwa vikihubiri kwamba elimu ifungamane na maisha. Mtambo wa parachichi uko barabarani na jiko la mkaa liko chumbani. Ufungamano huo upo tayari. Kilichobaki ni mwalimu kuuona.

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na utakapokaa na andalio lako usiku wa baridi, tafuta kila neno linaloanza na "usi". Mbele yake andika sababu. Usipoijua, tafuta mtu wa kumwuliza kabla hujasimama mbele ya watoto. Na mtoto akikuuliza swali usilolijua, mwambie kwamba utalitafutia jibu, kisha ulilete kweli. Nasi wakufunzi tumeongeza mstari mmoja katika daftari la ukaguzi, chini ya nafasi ya alama: "Mwanafunzi aliuliza nini, na alijibiwa nini?" Laiti mstari huo ungalikuwapo siku ile, tungaliona aibu kuuacha mtupu.