Baruti Kavu Haitoshi

Katika karne ya 19 baruti nyingi ilipitia Unguja, ikavushwa hadi Bagamoyo, kisha ikapandishwa bara vichwani mwa wapagazi kwa miezi kadhaa hata kufika Tabora. Mwaka 1871 Stanley naye aliweka shehena yake, risasi zikiwamo, katika tembe la Kwihara, lenye kuta nene na paa la udongo. Adui wa baruti ile alikuwa unyevu. Mwenye pipa kavu na paa lisilovuja alijihesabu amemaliza kazi.

Fikra hiyo ingali hai. Husemwa kwamba sanduku la chuma lenye mpira kifunikoni, au kontena kuukuu la meli, ndilo ghala rahisi kwa Serikali isiyo na fedha nyingi. Hatubishi kuhusu bei. Wala hatukatai faida ya ukavu, hasa visiwani, ambako hewa ya chumvi hula shaba ya risasi na chuma cha makombora. Tunachokataa ni kwamba hilo linatosha.

Baruti ya siku hizi huoza polepole yenyewe, hata ndani ya chombo kikavu, na katika kuoza hutoa joto. Watengenezaji huichanganya na dawa ya kuzuia uozo huo, lakini dawa huisha, na ghala likiwa la moto huisha upesi zaidi. Hapo baruti yaweza kuwaka bila kuguswa na mtu. Kontena lililoachwa juani mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za Tabora, ni tanuri. Usiku likipoa, unyevu uliofungiwa ndani hutona kutoka darini. Basi kilichonunuliwa kwa rahisi chahitaji kivuli, matundu ya hewa, na mtaalamu wa kuipima baruti kwa vipindi maalumu. Mshahara wa mtaalamu huyo ni mwepesi kusahauliwa katika makadirio.

Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika kambi ya Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na makombora yakaangukia nyumba za raia. Machi 2012, mjini Brazzaville, walikufa zaidi ya 200.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2011 hukadiria umbali kati ya ghala na makazi kwa uzito wa baruti iliyomo. Twawauliza wakuu wa ardhi wa Tabora, Unguja na Pemba: je, mpaka huo umechorwa katika ramani za viwanja? Huenda tukajibiwa kwamba hiyo ni siri ya ulinzi. Idadi ya risasi na iwe siri. Lakini mahali pasiporuhusiwa nyumba hapawezi kufichwa kwa mwananchi anayeomba kiwanja.

Mjini Tabora, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Kitete, na ndiko majeruhi wa mkoa hupelekwa. Ghala lolote litakalokusudiwa huko lipimwe kwanza umbali wake na vitanda vile, ndipo izungumzwe bei ya kontena.