Kikombe cha dhahabu ndicho kilichoniponza

Mwandishi, kuhusu kutia chuma kwenye maikrowevu umesema kweli ila umetutisha kidogo. Kuta za ndani za maikrowevu zenyewe ni za chuma, ndizo zinazorudisha mawimbi kwenye chakula. Kinachotoa cheche hasa ni ncha na kingo nyembamba: meno ya uma, foili iliyokunjamana. Kijiko ndani ya kikombe cha chai mara nyingi hakifanyi kitu.

Mimi nilitia kikombe cha wageni, kile chenye mstari wa dhahabu ukingoni. Nilidhani ni rangi tu! Sekunde chache, ta-ta-ta, mstari ukababuka mweusi. Mama hajanisamehe hadi leo.

Ukiona moto ndani, zima, chomoa waya, mlango usiufungue. Na chipsi zilizofungwa kwa foili zihamishieni kwenye sahani ya kioo, jamani.